Nilichoma Rozari ya Mama Mkwe

Niliichoma mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu, tena nikiimba. Ilikuwa rozari ya plastiki ya bei ndogo, zile zinazouzwa kwenye meza nje ya kanisa baada ya misa. Mama mkwe alimletea mwanangu, akaitundika kwenye msumari juu ya kitanda chake. Taa ikizimwa ilikuwa inang'aa kijani. Usiku mmoja niliamka kumwangalia mtoto aliyekuwa akikohoa, nikauona ule mduara wa mwanga ukining'inia gizani, mwili ukanisisimka. Sikumuuliza mtu. Ningemuuliza mtoto yeyote wa jirani mwenye stika za nyota za kubandika ukutani, angeniambia kwamba plastiki ya namna ile huchanganywa na unga unaonyonya mwanga wa taa, kisha ukautoa polepole kukiwa giza. Lakini mimi nilikwisha kujua. Nilikuwa nimefundishwa kujua.

Mimi ni Mlutheri, mzaliwa wa Upare, nimeolewa na Mluguru na tunaishi Morogoro mjini. Wakati huo nilikuwa mzee wa kanisa, na jumuiya yetu ya mtaani ilikutana sebuleni kwangu. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mlokole wa ule Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaingia Tanganyika kupitia Bukoba. Ndugu wa Uamsho walikuwa na desturi ya kutubu mbele ya wenzao, dhambi ikitajwa kwa jina lake bila kupambwa. Nimesikia toba nyingi za namna hiyo tangu utotoni. Zilihusu pombe, uzinzi, fedha za ushirika zilizoliwa, na nilikua nikiamini kwamba asiye na hayo hana la kusimama kusema. Langu halikuwa miongoni mwa hayo. Kosa langu nililitenda katika kipindi nilichofunga na kuomba kuliko kipindi kingine chochote cha maisha yangu.

Lilianzia kwenye simu. Mwaka 2021 dada mmoja tuliyesali naye aliniunganisha na kikundi cha maombi cha WhatsApp. Kiongozi wake, mtumishi ambaye mpaka leo sijaonana naye ana kwa ana, alikuwa akituma mafundisho ya sauti kuanzia saa sita usiku. Simtaji, na msomaji asihangaike kumtafuta. Wa aina yake wapo wengi, na baadhi yao wala hawana nia mbaya. Alikuwa na sauti nzuri. Biblia aliijua. Siku za mwanzo tuliomba tu: ndoa, watoto, wagonjwa, nchi. Nilikuwa nikilala moyo mwepesi.

Kisha yakaja mafundisho ya milango. Adui, alisema, haingii ndani ya nyumba bila mlango, na milango ni vitu: nguo, picha, dawa, nyimbo, zawadi, chakula cha ugenini. Kila usiku aliutaja mlango wake. Umbo la korosho kwenye kanga ni nyoka aliyejikunja. Bangili za shaba ni pingu za ukoo. Taarabu haifai hata ikisikika kutoka kwa jirani. Jina ulilorithi kwa bibi lina agano ndani yake. Mti uliopandwa uani na mzee ambaye hakuokoka ni madhabahu. Nilinunua kaunta buku nikaanza kuandika, kila mlango na ukurasa wake.

Orodha ina utamu wake, na hapa nataka niseme kweli kuliko mahali pengine. Ukiwa na orodha huhitaji kumjua mtu. Unamtazama alichovaa, unatazama ukutani kwake, umemaliza. Nilikuwa naingia kwenye nyumba za wanajumuiya macho yakitangulia kwenye kuta na makabati kabla mdomo haujatoa salamu. Kina mama wakaanza kusema, “Dada ana jicho la rohoni.” Nilikanusha kwa maneno, moyoni nikafurahi. Sijui kama kuna kilevi kinachozidi kule kuamini kwamba unaona wasichokiona wenzako. Mimi sijawahi kunywa pombe, kwa hiyo silinganishi, lakini naelewa sasa kwa nini mtu hurudi kilabuni.

Mwanangu alikuwa akikohoa usiku, hasa kuanzia saa nane mpaka alfajiri, kifua kikipiga filimbi. Kituo cha afya walituambia ni pumu, wakatupa dawa ya kuvuta. Daktari akaeleza kwamba pumu ina tabia ya kuzidi usiku wa manane na alfajiri, wakati njia za hewa zinapobana zaidi, na kwamba moshi na vumbi huiamsha. Nilimsikiliza kwa sikio moja. Kwenye kikundi, saa nane usiku ilikuwa na maelezo yake tayari. Dawa sikuiacha, namshukuru Mungu kwa hilo. Ila kila nilipompa mtoto dawa nilikuwa namtafuta na mchawi.

Ndipo mama mkwe akaja kutusaidia. Kwao ni Matombo, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, ambako wamisionari wa Roho Mtakatifu walifungua misheni mwaka 1897. Ni Mkatoliki wa kuzaliwa, na mama yake kabla yake. Alishuka kwenye gari na kikapu: ndizi, mihogo, maganda ya mdalasini ya shambani kwake, fungu la majani ya mwarobaini, chupa ya maji ya baraka, na ile rozari. Jioni ya kwanza alimfunga mtoto uzi mweusi kwenye mkono wa kushoto, akisema ni kwa ajili ya dege. Nilinyamaza. Usiku nikaandika kwenye kikundi ombi langu: mtoto anakohoa, na mama wa mume wangu amekuja kutoka kijijini na vitu nisivyovielewa.

Siku chache baadaye mtumishi akatoa neno. Yuko mama mmoja kati yetu, alisema, mtoto wake anabanwa kifua usiku, na chanzo kimeingia ndani kwa mkono wa mwanamke mzee mnayekula naye sahani moja. Nilipiga magoti nikalia. Haikunijia hata kidogo kwamba alichofunuliwa nilikuwa nimekiandika mimi mwenyewe, na kwamba yeyote mwenye simu angeweza kupanda juu akakisoma. Usiku uleule nilituma sadaka ya kujikomboa. Kiasi chake mume wangu alikijua baadaye sana, na hiyo ni toba nyingine ambayo niliifanya kwake, si hapa.

Asubuhi mama mkwe alikwenda misa. Nikachimba shimo nyuma ya nyumba, nikaviweka vyote: kanga zake zenye korosho, mwarobaini, mdalasini, ile rozari. Maji ya baraka niliyamwaga kwanza. Uzi niliukata kwa wembe mkononi mwa mtoto. Nikamwaga mafuta ya taa, nikawasha. Kanga moja ilikuwa bado na unyevu wa kufuliwa, ikawa inafuka tu badala ya kuwaka. Punje za rozari zilianza kung'aa, zikalegea, zikadondoka moja baada ya nyingine juu ya maganda ya mdalasini na kushikamana nayo zikawa donge jeusi lenye harufu ya plastiki na chai kwa pamoja. Moshi uligeuka ukaingia kwenye dirisha la chumba cha mtoto. Alianza kubanwa. Mimi, nikisikia kifua chake, nikaongeza sauti. Nilidhani kinachotoka kinapigana. Nilikuwa naukemea moshi.

Aliyemwokoa ni mama mkwe. Alikuwa anaingia getini kutoka kanisani. Hakutazama shimo. Alikimbia ndani, akamtoa mtoto upande wa barabarani, akamkalisha wima mapajani, akampa ile dawa ya kuvuta kama alivyotuona tukifanya. Alipotulia ndipo mama alipokuja nyuma ya nyumba na kuangalia kilichobaki. Nilijiandaa kwa matusi. Alisema, “Mwanangu, ungeniambia tu, nisingekuja navyo.” Mchana alipanda gari la Matombo.

Nikisema kwamba pale pale nilizinduka, nitakuwa naongeza dhambi ya uongo. Nilitoa ushuhuda kwenye kikundi. Nilipongezwa. Kwa siku kadhaa mtoto alilala vizuri, nikahesabu kwamba ni ushindi. Sasa nadhani ni kwa sababu tulikuwa tumebadilisha godoro na kufagia vumbi la chini ya kitanda. Kilichonizindua ni sauti ya mwanangu mwenyewe nje ya geti, akiwaambia wenzake wanaocheza mpira: bibi yangu ni mchawi, mama ndiye amesema.

Sikuwahi kumwambia maneno hayo. Alikuwa ameyaokota kwenye maombi yangu.

Kwa asiyeishi Tanzania, neno hilo likisemwa na mtoto laweza kuonekana la kitoto. Sisi tunajua lilichofanya. Vikongwe wameuawa kwa mapanga katika nchi hii, hasa kanda ya ziwa, na ushahidi pekee ukiwa macho yaliyokuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi. Sheria ya Uchawi tuliyoirithi, iliyotungwa mwaka 1928, inamhesabu mwenye kumtuhumu mtu uchawi kuwa na kosa pia. Mimi, mzee wa kanisa, nilikuwa nimempandia mtoto neno hilo nikiwa nimepiga magoti. Na kichekesho chake, kama kuna anayeweza kucheka: tulifundishwa kwamba laana hupita kwenye ukoo. Kwetu Wapare mtoto ni wa ukoo wa baba yake. Kwa Waluguru ni wa ukoo wa mama yake. Kwa hesabu yoyote kati ya hizo mbili, ukiipiga bila kuzichanganya, ukoo wa yule bibi haukumfikia mwanangu. Hata ndani ya mafundisho yenyewe sikuwa nimefikiri.

Nilirudi kwenye Biblia kutafuta mahali nilipoteleza, na nilipapata haraka kiasi cha kuona aibu. Andiko tulilolitumia kila usiku lilikuwa 1 Yohana 4:1, lile la kuzijaribu roho. Sikuwa nimelisoma mpaka mwisho. Yohana anatoa sababu yake palepale: manabii wa uongo wametokea duniani. Anazungumzia wasemaji. Paulo katika 1 Wathesalonike 5 anaagiza kupima yote, na sentensi iliyotangulia inahusu unabii. Katika Matendo 17 watu wa Beroya wanasifiwa kwa kuyachunguza maandiko kila siku waone kama aliyoyasema Paulo ndivyo yalivyo. Yaani mtume mwenyewe alipimwa, na Luka akaona ni uungwana. Lakini Paulo huyohuyo, alipoulizwa kuhusu nyama ya sokoni ambayo huenda ilipita mbele ya sanamu, aliwaambia Wakorintho wanunue na kula bila kuulizauliza. Ipo katika sura ya 10. Sijui niliisoma mara ngapi nikiwa mwalimu wa shule ya Jumapili.

Mimi nilifanya kinyume chake. Nyama ya sokoni niliichunguza mpaka mifupa, na nabii nikampa funguo za nyumba. Nilipekua kikapu cha mwanamke mzee aliyelala chumba cha pili, ambaye ningeweza kumuuliza lolote asubuhi tukinywa chai. Sikuwahi kuuliza hata swali moja kuhusu sauti iliyoingia chumbani kwangu kila usiku: anasimamiwa na nani, anakemewa na nani akikosea, fedha zinakwenda wapi, na mbona kila neno analotoa linatufanya tumwogope mtu wa karibu na kumtegemea yeye aliye mbali. Hakuwa kwenye orodha, kwa kuwa alianza na jina la Yesu. Na sikuhitaji kwenda mbali kujifunza haya. Kwenye kipaimara nilikariri Katekisimo Ndogo ya Luther ya mwaka 1529, na maelezo ya amri ya nane yanamtaka Mkristo si tu asimsingizie jirani bali amtetee, amseme vizuri, na mambo yake ayapokee kwa maana iliyo njema. Nilipata alama nzuri.

Nilikwenda Matombo kuomba radhi mwaka 2022, na mume wangu, na mtoto. Sitaeleza yote. Mama mkwe alinisikiliza akichambua kisamvu, akasema amesamehe siku ileile kwa sababu asingeweza kupanda gari na mzigo huo, kisha akaniambia niongeze kuni. Jikoni ana redio ndogo iliyofungwa kwa mpira, ambayo haitoki kwenye stesheni ya Kikatoliki. Ilikuwa Septemba, Papa Fransisko alikuwa ameanza tarehe 31 Agosti mfululizo wa katekesi za Jumatano kuhusu mang'amuzi, akaendelea nao hadi Januari. Siku tuliyokuwepo walikuwa wanaeleza ile ya Mtakatifu Inyasi wa Loyola. Nilisikiliza kwa adabu tu, kama mgeni.

Inyasi alikuwa askari wa Kibaski. Mwaka 1521 mzinga ulimvunja mguu huko Pamplona. (Mwezi mmoja kabla yake Luther wetu alikuwa amesimama mbele ya baraza la Worms, watu wa zama moja, na sidhani wangekaa meza moja.) Akiwa kitandani nyumbani kwao aliomba vitabu vya hadithi za mashujaa na mapenzi. Havikuwapo. Akapewa kitabu cha maisha ya Kristo na kingine cha watakatifu. Basi akawa anaota mchana, mara ushujaa na mwanamke wa heshima anayemwaza, mara kuishi kama Fransisko au Dominiko. Alipokuwa ndani ya mawazo hayo yote mawili yalimpendeza. Tofauti aliiona yalipokwisha: yale ya kwanza yalimwacha mkavu na mwenye uchungu, yale ya pili yalimwacha mtulivu, na utulivu ukabaki. Baadaye, katika Mazoezi ya Kiroho, kitabu kilichoidhinishwa na Papa Paulo wa Tatu mwaka 1548, aliwaonya watu wanaosali sana kwamba wao hawajaribiwi na mambo machafu waziwazi. Wanaletewa wazo jema. Hivyo walichunguze wazo tangu mwanzo, katikati hadi mwisho, waone limewafikisha wapi.

Nikaacha kuchochea kuni.

Maana mwanzo wangu ulikuwa mwema kweli, na hilo ndilo lililonitatiza tangu nianze kujuta: tulikuwa tunaomba. Katikati ikawa usingizi kupungua, kisha hasira za asubuhi, kisha kuacha kula kwa watu, kisha kumdharau mchungaji wetu kwa kuwa mahubiri yake hayana mafunuo, kisha kumficha mume fedha. Mwisho ni shimo nyuma ya nyumba. Kila hatua ilikuwa ndogo, na kila hatua ilikuwa na aya ya Biblia. Kama ningejiuliza jioni yoyote katikati ya safari hiyo swali moja tu, baada ya kusikia sauti hii nampenda nani zaidi, ningepata jibu bila kufunga.

Siku hizi najiuliza. Sio kwa daftari. Nikizima taa narudi nyuma kidogo kwenye siku yangu: nilichosikia redioni, waliyosema kazini, mahubiri, video niliyoangalia nikipika. Natazama kila kimoja kimeniacha vipi baada ya kupita. Mambo mengine yananishangaza. Kuna wimbo wa Bongo Fleva kuhusu mama ambao ulinifanya nimpigie mama yangu simu, na kuna kwaya ya injili ambayo kila nikiisikiliza natoka nikiwa nimejaa kisasi, maana inaimba maadui mwanzo mpaka mwisho. Najua mtu atasema hisia hudanganya. Ni kweli, ndiyo maana naangalia nilichokifanya baada ya hisia, na ndiyo maana siku ya mkanganyiko siamui jambo kubwa.

Wala sisemi kila kitu ni sawa. Ule uzi mweusi mimi na mama mkwe hatujakubaliana hadi leo. Mimi naamini kumfunga mtoto uzi ili dege asimguse ni kumfundisha kuutegemea uzi. Yeye anasema uzi ni sala ya bibi, haina tofauti na msalaba ninaouvaa shingoni. Tumebishana, tumecheka, mtoto havai uzi. Tofauti na zamani ni kwamba niliuliza uzi una maana gani kwake, na nikalisikiliza jibu lote kabla ya kufungua mdomo. Mwarobaini ulikuwa majani machungu, basi. Mdalasini ulikuwa wa chai.

Baada ya Matombo nilijivua uzee wa kanisa kwa muda, kwa ushauri wa mchungaji, nikaanza kuwafuata kina mama niliowasomea orodha yangu. Mmoja alicheka akasema hakuwahi kuifuata, ila aliona haya kunikatalia. Mwingine alikuwa amemfukuza shangazi yake nyumbani. Tulikwenda naye kumtafuta, na shangazi amekubali salamu lakini kurudi amekataa, na ana haki. Wa mwisho alinikaribisha, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza:

“Dada, huko Matombo ulikula?”

Nikasema nilikula. Ugali, kisamvu, chai ya mdalasini.

Akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli kabisa. “Basi wamekuweza,” akasema, akachukua simu yake ili jina langu liombewe usiku ule. Nilitafuta la kumjibu nikakosa. Hoja yake ilikuwa kwenye kaunta buku langu, ukurasa wa chakula cha ugenini, na mwandiko ni wangu.